Mturudishie Adabu Yetu, na Kijana Wetu

Shilingi milioni 5, au jela miaka miwili. Ndilo chaguo alilopewa Shadrack Chaula, mchoraji wa picha wa kijiji cha Ntokela, aliposimama mbele ya mahakama hapa Rungwe Alhamisi ya 4 Julai 2024. Alikuwa na umri wa miaka 24. Alijirekodi akichoma picha ya Rais Samia Suluhu Hassan huku akimtolea maneno mazito, video ikaingia TikTok, nchi nzima ikaitazama. Baadhi ya wanasheria wakahoji ni sheria ipi ya Tanzania inayomkataza raia kuchoma picha ya kiongozi. Swali lao halikumsaidia. Kijana alibanwa kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao, kwamba alisambaza maudhui ya uongo.

Uongo upi? Karatasi ilikuwa karatasi kweli, moto ulikuwa moto kweli, na kama kuna kitu ambacho hakikuigizwa katika video ile, ni hasira yenyewe. Ukimwambia mtu kwamba umemchukia, na kweli umemchukia, unaweza kuwa umekosa mengi lakini hujadanganya. Kesi ikaisha upesi, bila utetezi wa maana, kijana akapelekwa jela.

Kisha watu wasiomjua wakachanga. Hawakuwa ndugu zake, hawakuwa wa Ntokela, wengi wao pengine hawawezi kuionyesha Rungwe kwenye ramani. Walihamasishana kwa mitandao ileile iliyomtia matatani, wakatoa kila mtu alichonacho, milioni 5 zikatimia, zikalipwa, kijana akarudi nyumbani. Kwa hesabu za mahakama, jambo lile lilikuwa limekwisha. Aliyetozwa alilipa, na risiti ya serikali ipo. Mwanzoni mwa Agosti, mwezi mmoja tu baada ya hukumu, watu walifika Ntokela, wakamchukua, wakaondoka naye. Familia ikaenda polisi. Polisi wakasema wanachunguza.

Hajarudi.

Makala haya siyaandiki kwa polisi. Polisi wana kazi yao, na kama wangeifanya mimi nisingekuwa na cha kuandika. Nawaandikia watu wa Tukuyu, Kiwira, Katumba, Ushirika, Masoko, na ndugu zetu wa Busokelo pia, wazee wangu na mama zangu, kwa sababu sisi tulisema neno moja wakati ule, na neno hilo likatumika. Tulisema kijana amekosa adabu.

Nililisikia sokoni. Nililisikia msibani. Nililisikia nje ya kanisa, likisemwa na watu wema ambao hawajawahi kumnyima jirani chumvi. Nami video ile sikuipenda. Kumtukana mama wa watu hadharani hakunifurahishi hata kama mama huyo ana walinzi na msafara wa magari. Lakini katika Rungwe ninayoijua, mtu akikosa adabu huitwa. Baba yake huulizwa. Wazee hukaa, mkosaji hukemewa mpaka atamani ardhi ipasuke, hutozwa kuku au mbuzi au ng'ombe kulingana na uzito wa mdomo wake, nyama huliwa na aliyetukana na aliyetukanwa, na kesho yake mkosaji anaonekana shambani akipalilia viazi vyake kama kawaida. Ni wapi katika mila hiyo, niambieni, mtu hulipa faini kisha hupakiwa kwenye gari asionekane tena? Mzee gani wa Kinyakyusa aliwahi kutoa adhabu hiyo?

Hapa kwetu hatukuanza jana kushughulika na watu wenye midomo. Godfrey na Monica Wilson, wanaanthropolojia waliofanya utafiti kwa Wanyakyusa kati ya 1934 na 1938, waliandika kurasa nyingi kuhusu namna babu zetu walivyoiogopa hasira. Walichokiogopa kilikuwa hasira iliyomezwa. Ndugu walipokutana kumwombea mgonjwa, au ukoo ulipofanya tambiko, mwenye dukuduku alitakiwa alitoe mbele ya wenzake, aseme fulani alininyima, fulani alinidharau, na aliyesemwa ajibu. Maana waliamini kwamba tambiko linalofanywa na watu wenye vinyongo vilivyofichwa halina kazi. Mgonjwa haponi, mvua haiji. Kusema ilikuwa sehemu ya tiba. Kukaa kimya huku moyo unachemka ndiko kulikohesabiwa kuwa hatari kwa kijiji kizima.

Na kulikuwa na ile waliyoiita pumzi ya watu. Mtu akiwakosea wenzake, akamdharau mkwe, akawa mchoyo wa nyama, wanakijiji walinung'unika, na manung'uniko yao yaliaminika kumfikia kama baridi kali, akaugua. Dawa ilikuwa kukiri na kuchinja, majirani wale. Sasa sikilizeni hapa, enyi mnaopenda kuniambia kwamba mila zetu hazikuruhusu mkubwa kusemwa: chifu naye alikuwa chini ya pumzi hiyo. Chifu mkatili au mchoyo alinung'unikiwa na watu wake na kuambiwa ukweli na viongozi wa vijiji vyake, na akiugua, watu walijua sababu. Sidai kwamba ule ulikuwa utawala wa malaika. Watu walisingiziwa uchawi, walinyweshwa mwavi, walifukuzwa kwenye vijiji vyao usiku. Lakini zamani aliyenung'unikiwa ndiye aliyelala kitandani. Siku hizi anatoweka aliyenung'unika, halafu tunaambiwa huko ndiko kulinda maadili ya Mtanzania.

Haya maadili ya Mtanzania yamefanyiwa kazi nyingi sana katika miaka hii kumi. Tazama kisa cha mtandao wa X. Tarehe 20 Mei 2025 akaunti ya Jeshi la Polisi katika mtandao huo ilidukuliwa, wadukuzi wakaweka habari ya uongo juu ya Rais. Siku hiyohiyo X ikaacha kufunguka nchini. Baadaye Waziri mwenye dhamana ya mawasiliano, Jerry Silaa, akatoa sababu: mtandao huo unaruhusu picha za ngono, jambo lililo kinyume na sheria na mila zetu. Vizuri. X ilitangaza sera ya kuruhusu picha hizo katikati ya 2024. Kwa hiyo mila zetu zililala usingizi karibu mwaka mzima, picha chafu zikipita, watoto wakizitazama, zikaja kuamka siku ileile polisi walipoibiwa nywila. Mila gani hizi zinazoamshwa na aibu ya ofisi?

Ndiyo maana nasema adabu yetu imeazimwa. Walikuja kwetu wakasema mtandao umejaa matusi, nasi tukaitikia, kwa sababu kweli umejaa matusi. Wakasema kuna uongo, tukaitikia. Wakasema kuna watoto wadogo wanaharibika. Nani angekataa? Tukawakabidhi adabu yetu waende nayo Dodoma wakaitungie sheria, na tangu siku hiyo hatujarudishiwa. Inatumika kule kwa shughuli ambazo hatukuzijadili.

Hebu tufuate shilingi milioni 5 zilivyosafiri. Bunge lilipitisha Sheria ya Makosa ya Mtandao mwaka 2015, nayo ikaanza kutumika 1 Septemba mwaka huohuo, wiki chache kabla ya Uchaguzi Mkuu. Kifungu cha 16 kikaweka kosa la kuchapisha taarifa za uongo, na katika adhabu yake ikatajwa faini ya milioni 5. Mwaka 2016 mtu mmoja Arusha alimwita Rais Magufuli bwege kwenye Facebook. Mahakama ikamwambia alipe milioni 7 au aende jela miaka mitatu. Machi 2018 zikaja Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni, zikitoka katika wizara iliyoongozwa na Dk. Harrison Mwakyembe, mbunge wa jirani zetu wa Kyela wakati ule. Mwenye blogu au redio ya mtandaoni akatakiwa alipe laki moja ya maombi na milioni moja ya leseni, na milioni nyingine kila mwaka, ili aruhusiwe kusema. Mwenye chumba cha intaneti, hata awe na kompyuta tatu tu na printa inayokwaruza, akatakiwa afunge kamera za kuwarekodi wateja na kuhifadhi yaliyorekodiwa. Ukikiuka kanuni hizo? Milioni 5 kwenda juu. Kanuni zikaandikwa upya mwaka 2020, zikagusa na VPN, zile programu za kufungulia mtandao uliofungwa. Oktoba 2023 mamlaka ya mawasiliano ikawataka wanaotumia VPN wajitangaze kabla ya mwezi kwisha. Adhabu ya asiyejitangaza ni ileile, milioni 5 au miezi isiyopungua 12 ndani. Ada za leseni zilipunguzwa 2022, na waliopunguza walitaka tushukuru.

Milioni 5 kwa nani? Mtaalamu mmoja wa sheria jijini anaweza kuilipa akanung'unika. Mchuma chai wa Katumba, anayeanza mashambani umande haujakauka, hatamaliza kuilipa. Faini ya namna hiyo haikutungwa kwa ajili ya kumfundisha mkosaji, imetungwa ili wengine wote waangalie simu zao, wafute walichoandika, walale. Na tumefuta. Kila mmoja wetu ana kundi la WhatsApp, la ukoo, la ushirika wa chai, la waliosoma pamoja, ambalo msimamizi wake huandika kwa herufi kubwa kwamba SIASA HAZIRUHUSIWI HUMU. Nani alimwagiza? Hakuna aliyemwagiza. Amejiagiza mwenyewe, na hapo ndipo serikali ilipotaka tufike, kwa sababu mlinzi anayejilipa ni rahisi kuliko askari.

Nije kwenye laini za simu, maana hapa wengi wetu tulijipanga foleni kwa hiari. Kuanzia 1 Mei 2019 tuliambiwa kila laini isajiliwe kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa. Wazee walioshika jembe miaka sitini, vidole vimesuguliwa mpaka mashine haivisomi, walirudishwa nyumbani na kuitwa tena, mara ngapi sijui. Tarehe ya mwisho ikasogezwa mpaka 20 Januari 2020. Tuliahidiwa kwamba matapeli watakwisha. Leo hii, nawauliza, nani kati yenu hajapokea ujumbe wa kumwambia hela ile atume kwenye namba hii? Tapeli ana laini iliyosajiliwa kwa vidole, anatuma ujumbe mchana kweupe, anatajirika. Mchoraji wa Ntokela alipatikana mara moja. Vidole vyetu vinafanya kazi nzuri tu, tatizo ni kazi vilivyopewa.

Mengine nitayapita haraka, kwa kuwa mnayajua. Uchaguzi wa Oktoba 2020, Twitter na WhatsApp zikakwama, na hata ujumbe mfupi wa kutumwa kwa watu wengi ukasimamishwa. Oktoba 2024, leseni za mtandaoni za kampuni ya Mwananchi zikasimamishwa siku 30 kwa sababu ya katuni ya gazeti lake la Kiingereza iliyowakumbusha watu waliopotea. Katuni! Aprili 2025 mwanasiasa wa upinzani Tundu Lissu akafunguliwa mashtaka ya uhaini kwa maneno aliyosema na kurushwa mtandaoni. Septemba 2025, jukwaa la mijadala la JamiiForums likafungiwa siku 90. Kila mara tulikuwa na sababu ya kutojali. Lissu ana makelele, JamiiForums ina wambea, gazeti la Kiingereza silisomi, X ni ya watu wa Dar es Salaam. Hatua moja moja, na kila hatua ilimkanyaga mtu ambaye hatukumpenda sana.

Halafu ikaja 29 Oktoba 2025. Siku ya kupiga kura, mtandao wote ukazimwa. Hapo hapakuwa na jukwaa lenye picha chafu la kulaumiwa, hapakuwa na kijana mmoja mwenye mdomo. Nchi nzima, mwenye adabu na asiye na adabu, katekista na mlevi, mwanachama wa CCM na asiye mwanachama. Mnunuzi wa parachichi aliyezoea kuagiza kwa WhatsApp hakuagiza. Vijana wetu wako Mbeya, Tunduma, Dar es Salaam, wakiendesha bodaboda na kuuza maduka. Wazazi wao huku juu walisikia kuna risasi mijini na hawakuwa na njia ya kuona chochote. Mshindi akatangazwa kwa asilimia 97.66 ya kura, nchi ikiwa gizani. Mtandao ukaanza kurudi 3 Novemba, siku Rais alipokula kiapo Dodoma.

Na uliporudi, simu zetu zikapokea onyo: kusambaza picha au video za kuzua taharuki au za kudhalilisha utu ni kosa la jinai.

Someni onyo hilo pamoja na hili. Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilisema Novemba 2025 kwamba taarifa ilizozipata zinaashiria mamia ya watu waliuawa siku zile za uchaguzi. Rais mwenyewe akaunda tume ya kuchunguza, mwenyekiti wake Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Tume yoyote inahitaji ushahidi. Ushahidi wa mwaka 2025 uko kwenye simu. Aliyepiga picha maiti ya jirani yake ameshaambiwa na dola kwamba kuituma ni uhalifu, eti inadhalilisha utu wa marehemu. Utu wa marehemu! Risasi haikumdhalilisha, iliyomdhalilisha ni kamera. Hii ndiyo adabu yetu tuliyoiazimisha, imekwenda mpaka huko.

Kuna mtu ataniambia, mwandishi, wewe unachochea, nchi hii ina amani. Namheshimu mtu huyo kwa sababu mara nyingi ni mzee aliyeona wakimbizi wa nchi nyingine na hataki kuwaona wa kwake. Naomba aniruhusu nimkumbushe mwaka 1958. Mwalimu Nyerere aliandika katika Sauti ya TANU akiwashambulia mabwana shauri wawili wa Kiingereza kwa matendo yao dhidi ya watu. Serikali ya kikoloni ikamshtaki kwa kashfa. Mahakama ikamtia hatiani: faini ya shilingi 3,000 au jela miezi sita. Faini ikalipwa. Akatoka, akapanda jukwaani tena, na 1961 alikuwa Waziri Mkuu. Sisemi mkoloni alikuwa na huruma. Alikuwa akiwalinda watumishi wake kama anavyofanya mtawala yeyote, na sheria zake za kufunga midomo tulizirithi tukaziongeza. Mwaka 1992 Tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilizihesabu sheria 40 za ukandamizaji zilizostahili kufutwa au kurekebishwa, na baadhi bado zinatusalimia asubuhi. Lakini kisa cha 1958 na kisa cha 2024 vinafanana mpaka kwenye faini, vikaachana mahali pamoja tu. Mkoloni alipochukua pesa yake alimwacha mtu aende zake. Mzee wangu unayetetea amani, tueleze sisi vijana wako: tangu lini jamhuri ikawa mbaya kuliko gavana kwa mtu aliyekwisha kulipa faini?

Wala msifikiri Ntokela ni bahati mbaya ya mara moja. Tarehe 2 Mei 2025 Mdude Nyagali, mwanaharakati wa CHADEMA ambaye kila mtu mkoa huu anamjua kwa ukali wa maneno, alivamiwa nyumbani kwake Mbeya, akapigwa, akachukuliwa. Polisi wakakana kwamba wanamshikilia. Agosti 2024 Chama cha Wanasheria Tanganyika, chini ya Boniface Mwabukusi, yule wakili tuliyemwona Mahakama Kuu Mbeya 2023 kwenye kesi ya kupinga mkataba wa bandari, kilitoa orodha ya watu 83 waliotekwa au kutoweka. Juni 2025 wataalamu wa Umoja wa Mataifa walitaja visa zaidi ya 200 tangu 2019. Mahali pa kwenda kulalamika napo pamepunguzwa. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu iko Arusha, safari ya basi tu, lakini Novemba 2019 serikali yetu iliondoa tamko lililomruhusu mwananchi wa kawaida kuipeleka huko moja kwa moja. Jengo linabaki kwetu, viongozi wanapiga picha mbele yake, sisi hatuingii.

Inanichoma zaidi kwa sababu Rungwe haikuwa yatima wakati haya yanatokea. Mwaka 2024, Spika wa Bunge la Jamhuri ya Muungano alikuwa Dk. Tulia Ackson, mzaliwa wa wilaya hii. Tangu Oktoba 2023 alikuwa pia rais wa Umoja wa Mabunge Duniani, chombo chenye kamati yake ya haki za binadamu za wabunge. Tulijivuna, na tulikuwa na haki ya kujivuna. Wilaya iliyotoa Tukuyu Stars, mabingwa wa 1986 waliotoka tu kupanda daraja, inajua kufurahia mtoto wake akishinda wakubwa. Lakini kiti kile kilikuwa kirefu kuliko vyote tulivyowahi kukalia. Kutoka pale, jina la kijana mmoja wa Ntokela lingeweza kutamkwa kila kikao mpaka waziri wa mambo ya ndani achoke kulisikia na kumtafuta ili apumzike. Sisi wenyewe tuliokuwa tukimpigia vigelegele, je, tulimwomba?

Wakenya walituonyesha kitu Juni 2025. Albert Ojwang, mwalimu kijana, alikamatwa kwao Homa Bay kwa sababu ya maandishi ya X juu ya naibu mkuu wa polisi, akasafirishwa mpaka Nairobi, akafa mikononi mwa polisi katika kituo cha Central. Polisi wakasema alijigonga kichwa ukutani. Daktari wa upasuaji wa maiti akasema sivyo. Wakenya wakafurika barabarani, na ndani ya siku chache yule naibu mkuu akakaa kando na askari wakapelekwa kortini. Kenya si pepo. Wana watekwaji wao na risasi zao, na mimi sitaki damu barabarani Tukuyu. Ninachokionea wivu ni jambo dogo tu: sikumsikia mtu akisema kwamba mwalimu yule alikosa adabu, kisha akanywa chai yake. Waliuliza nani amemuua, wakaendelea kuuliza.

Sisi tunaweza kuuliza bila kutoka barabarani na bila bando. Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1982 inataka mkutano mkuu wa kijiji uitishwe angalau kila miezi mitatu, na kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe. Hakuna anayeweza kuuzima kwa swichi ya Dar es Salaam. Tumeuachia ukawa mkutano wa kutangaziwa michango ya zahanati, lakini bado ni wetu. Mwenyekiti wa kijiji aombwe kwa maandishi aingize ajenda moja, na iwe ya kwanza kabla ya mbolea na kabla ya barabara: mkazi wa wilaya hii alilipa faini ya serikali Julai 2024, akachukuliwa Agosti, yuko wapi? Ajenda ya pili iwe kumtaka mbunge apeleke hoja ya kufuta kifungu cha 16 na kanuni zote zilizozaliwa na tabia ileile, na kwamba asiporudi na jibu asije kuomba kura kwa kutupa salamu za Kinyakyusa. Muhtasari uandikwe kwa mkono, upigwe muhuri wa kijiji, nakala iende kwa mkuu wa polisi wa wilaya pale Tukuyu, nyingine kwa mkuu wa wilaya, nyingine kwa diwani aisome kwenye baraza. Mkutano unaofuata ufunguliwe kwa kusoma majibu yao, na kama hakuna majibu, isomwe tarehe waliyopokea barua na jina la aliyeipokea.